Ule Mama Anaikala kwa Nani?

Siku chache kabla ya Krismasi nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, kutoka Kindu hadi ng'ambo ya Alunguli, nikapanda pikipiki ya kukodi na kufika Kampene, kwetu Maniema, nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Katika simu yangu nilikuwa na vipindi kadhaa vya komedi ya zamani ya Marekani, One Day at a Time, inayomhusu mwanamke aliyeachana na mumewe na kulea mabinti wawili peke yake. Nia yangu ilikuwa kuitazama upya kwa utulivu kisha niiandikie. Kwa mama yangu utulivu haupo. Jioni ya kwanza tu aliiegemeza simu kwenye bidoni la mawese, wapwa zangu wakajipanga mkekani, nami nikageuzwa mtafsiri, kama wale vijana wa vibanda vya video wanaosimulia filamu ya Kichina ambayo wao wenyewe hawaielewi.

Hatukufika dakika ya tano.

"Papa, ule mama anaikala kwa nani?" mama akaniuliza.

"Kwake, mama."

"Kwake na nani?"

"Na mabinti zake wawili."

"Na bandugu yake?"

Nikamwambia ndugu zake hawaonekani. Mama akashusha pumzi. "Balimutupa," akasema, kwa sauti ile tunayoitumia kwenye matanga.

Watu waliokuwa mbele ya televisheni huko Marekani tarehe 16 Desemba 1975, siku CBS ilipoanza kuirusha komedi hiyo, hawakumwona mwanamke aliyetupwa. Walimwona mwanamke aliyetoka. Ann Romano, aliyeigizwa na Bonnie Franklin, ana miaka 34. Aliolewa akiwa na 17, na sasa amehama mji mdogo wa Logansport kwenda kupanga nyumba Indianapolis na mabinti zake Julie na Barbara. Katika kipindi cha kwanza Julie anataka kwenda kupiga kambi na kundi lenye wavulana. Jambo dogo hilo. Lakini Ann anagundua kwamba maishani mwake hajawahi kuamua jambo la namna hiyo peke yake, kwa sababu alitoka mikononi mwa baba akaingia mikononi mwa mume. Kipindi kizima kinaning'inia kwenye ndiyo au hapana moja, na watu wanacheka, na wewe unayetazama unajikuta umeshika roho.

Komedi hiyo iliasisiwa na Whitney Blake, mwigizaji aliyekuwa ameachika na kulea watoto, pamoja na mumewe Allan Manings. Aliyeisimamia ni Norman Lear, yule mzee aliyefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 101. Kuipata nafasi hewani hakukuwa rahisi. Mwaka 1970 waandishi wa komedi ya Mary Tyler Moore walitaka shujaa wao awe mwanamke aliyeachika, CBS ikakataa, ikabidi wamfanye msichana aliyevunja uchumba. Wakubwa waliogopa kwamba, kwa vile Mary alikuwa ameigiza mke wa Dick Van Dyke katika komedi nyingine, watazamaji wangedhani amemwacha Dick Van Dyke! Septemba 1975 NBC nayo ilijaribu, kwa komedi iliyoitwa Fay, ikaifyeka upesi. Miezi michache baadaye Ann Romano alifika na mizigo yake, akakaa hewani miaka tisa, vipindi 209.

Dunia ya nje ya televisheni ilikuwa imeshatangulia. California ilianza mwaka 1970 kutoa talaka bila kulazimisha upande mmoja uthibitishe kosa la mwingine, na majimbo mengine yakafuata. Oktoba 1974 ilipitishwa sheria ya kuzikataza benki kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu ya hali yake ya ndoa. Wakati huohuo kwetu, Zaire ya Mobutu ilikuwa katikati ya siasa ya uhalisi, majina ya Kikristo yametupwa, na suruali kwa wanawake imepigwa marufuku. Ann Romano angeshuka kwenye gari-moshi la Kindu na jinzi zake angepelekwa kwa komisaa kabla hajauliza njia.

Lakini nirudi kwenye swali la mama, maana halikuniacha nilale.

Kiswahili kimegawa kazi mapema: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, mwanamume anaacha, mwanamke anaachwa. Sisi wa Maniema tumeongeza kitenzi kingine, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote: anarudi. Waislamu wa Kasongo na Kibombo wana talaka yao, wana eda yao, wanahesabu miezi na kila mtu anajua mwanamke yuko wapi katika hesabu hiyo. Kampene, kwa watu wa kanisani, hakuna hesabu. Inasemwa tu, "Amerudi kwao," na sentensi inaishia hapo, kana kwamba baada ya kurudi hakuna kinachotokea tena.

Hata vichekesho vyetu vinaishia hapo. Lubumbashi ilikuwa na kundi la Mufwankolo, ambalo kwa miongo lilichezea Waswahili wa Katanga redioni, kwenye televisheni na uwanjani. Hawakuandika maneno ya mchezo. Walikubaliana mkondo wa kisa, wakaingia na kubuni mazungumzo papo hapo, kwa Kiswahili cha mgodini na cha sokoni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986 walipotengeneza mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, akauandikia kitabu kilichotoka 1990. Kindu ni mwisho wa reli itokayo Lubumbashi, na wafanyabiashara waliopanda treni walikuja na vichekesho hivyo midomoni, wakatusimulia mume mlevi, mke mkali, shemeji mdokozi. Nilivicheka sana. Ninapovikumbuka sasa, katika vyote nilivyosimuliwa mke aliyegombana na mumewe alikuwa na njia mbili: kusuluhishwa na wazee, au kufunga mzigo wake. Akishaufunga, mchezo umekwisha. Hakuna aliyemfuata njiani kuona anafika wapi.

Wakenya nao ni hivyohivyo. Katika komedi ya Vitimbi, Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau, na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, waligombana miaka nenda miaka rudi mbele ya taifa zima, na watu wengi waliamini ni mume na mke hasa, ilhali hawakuwa. Ndoa ile ilikuwa kama kuta za studio. Ukiibomoa, waigizaji watasimama wapi? Papa Shirandula naye alitoka nyumbani kila asubuhi na suti ili mkewe Wilbroda asijue kwamba ni mlinzi wa getini. Uongo mtamu, na mimi ni mpenzi wake mkubwa. Ila kicheko chote kinategemea mke asijue, na asiondoke.

Basi mama yangu aliondoka. Ilikuwa 1991, mimi nikiwa na miaka saba, nimekaa juu ya kigunia cha mchele kwenye baiskeli ya kusukumwa. Sababu zake sizisemi hapa, baba yangu bado ana marafiki wanaosoma magazeti. Tulifika kwa mjomba wangu, kaka yake mkubwa. Alipotuona na mizigo hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Na mbuzi?"

Msomaji wa mbali anahitaji kueleweshwa hapo. Kwetu mali ya ndoa haikai sandukuni. Mbuzi walioletwa kwa ajili ya mama walifika asubuhi, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekwenda mbele, kwa wakwe wa mjomba, naye akaoa. Huo ndio mzunguko: dada anaolewa, kaka anaoa. Dada akirudi, upande wa mume una haki ya kudai, na mbuzi hawapo. Wamegeuka mke. Huyo shangazi, mke wa mjomba, aliolewa kwa mbuzi wa mama yangu, na kila mtu katika ua ule alijua. Siku za amani walitwanga muhogo kwenye kinu kimoja, mchi ukipokezana. Siku za vita mama hakutukana. Alimtazama tu wifi yake kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayehesabu mifugo. Na shangazi alikuwa na jibu lake. Alilia "mee," kisha akaendelea kusonga bugali.

Niambie ni komedi gani ya Hollywood imepata wazo kama hilo. Wanawake wawili, ua mmoja, na mmoja wao ni mahari ya mwingine. Ningekuwa na kamera na genereta ningeanza kesho.

Hapo ndipo ninapoona One Day at a Time imepatia jambo moja na kupungukiwa jingine. Imepatia mahali pa kuanzia. Inaanza pale sisi tunapofunga pazia, siku mizigo inapotuliwa, na haimtazami yule mwanamke kama nusu ya kitu kilichovunjika. Nyumba yake ina chakula, ugomvi, ada za shule, homa, wachumba wabovu, na baba wa watoto anayepiga simu anapotaka. Ann anapata kazi kwenye kampuni ya matangazo ya biashara, anachelewa kurudi, mabinti wanakula chochote. Hakuna mzee anayeitwa kumrudisha. Kwa mtu aliyelelewa na vichekesho vya kusuluhishwa, kutazama vipindi vitatu mfululizo bila mtu kupendekeza suluhu ni kama kuvua viatu vinavyobana.

Imepungukiwa watu. Upweke wa Ann ndio tatizo lake kubwa, na kwa hilo mama yangu hakuweza kumfuata. Mwanamke aliyerudi Kampene hana upweke hata wa kulilia. Shida yake ni wingi: kaka, wifi, watoto wa wifi, mchungaji, chifu wa mtaa, wote wana neno. Ann anahangaika kwa kukosa mtu wa kumuuliza, na mama alihangaika kwa kuulizwa.

Na watu walikuwa wengi kwa sababu wanawake wengi walirudi. Kampene ilikuwa kituo kimojawapo cha SOMINKI, kampuni ya madini iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha zile za wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1982 serikali iliruhusu watu kujichimbia dhahabu, na Oktoba 1985 soko la bati duniani likaanguka. Mshahara ukayeyuka, machimbo yakafunguka, na wanaume wakawa watu wa kuhama, wiki hii hapa, mwezi ujao kule. Chimbo jipya, biro ya pili, yaani mke wa pembeni. Kufikia 1997, kampuni ile ilipovunjwa, katika mtaa wetu kulikuwa na nyua ambazo mwanamume pekee aliyelala humo kila siku alikuwa babu. Wanawake waliorudi ndio waliolisha machimbo. Mama alipika mchele na sombe, yaani kisamvu, akabeba beseni kichwani hadi kwenye mashimo, akalipwa kwa vumbi la dhahabu lililopimwa kwenye mizani ya mkono, na njiti ya kiberiti ikiwa jiwe la kupimia. Alinifundisha kuikagua njiti kama imekatwa kichwa. Aliyekata kichwa cha njiti hakupata sombe ya kesho.

Kuna jambo moja la sheria ambalo sijaona mtu akilicheka vya kutosha. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya tendo lolote la kisheria linalomfunga yeye mwenyewe. Ruhusa hiyo ilifutwa na marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, ingawa mume aliachiwa ukuu wa nyumba. Hesabu basi. Kwa karibu miaka 30, mwanamke aliyeachika, yule wa kuonewa huruma kwenye matanga, aliweza kutia dole gumba kwenye karatasi ya kiwanja bila kumwomba mtu, na shangazi yangu mwenye ndoa imara hakuweza. Mama alinunua kiwanja chake kwa njia hiyo. Hakujua kama kuna sheria. Alijua tu kwamba hakuna aliyekuja kumzuia.

Suala la jina nalo ni tamu. Ann alirudia jina la kwao, Romano, huku mabinti wakibaki Cooper kama baba yao, na katika vipindi vingi anawasahihisha watu wanaomwita kwa jina la mke wa mtu. Nilipomweleza mama mzozo huo hakuuona mzozo uko wapi. Yeye tangu alipojifungua dada yangu mkubwa anaitwa mama wa fulani, na jina hilo halikutoka kwa mume wala halikurudishwa na mbuzi. Ua mzima unamwita hivyo, machimbo yalimwita hivyo, na baba yangu mwenyewe, walipokutana kwenye harusi ya huyo dada, alimwita hivyohivyo kwa heshima. Vita ambavyo Ann alivipigana kipindi baada ya kipindi, sisi tulivimaliza zamani, nadhani bila kukusudia.

Sitaki kuisifu komedi ile kupita kiasi. Ina mahubiri, na baada ya miaka kadhaa inachoka. Mackenzie Phillips, aliyekuwa Julie, aliondolewa kwa sababu ya dawa za kulevya, na pengo lake linaonekana. Halafu ikaja ile ndoa. Barbara anaolewa na kijana mmoja, Mark, na baadaye Ann anaolewa na Sam, baba yake Mark. Nilipotafsiri hapo mama aliweka kiganja mdomoni. Akaniuliza kama nimesikia vizuri. Mama na binti kwa baba na mwana! "Baba-mkwe wa mutoto yako!" Wapwa zangu walianza kuchora mchangani, wakijaribu kujua mtoto wa Barbara atamwitaje Sam, wakashindwa. Usiku ule mama aliizima simu kabla ya wakati.

Kesho yake nilimwonyesha toleo jipya, lililotoka 2017 hadi 2020, ambalo kwa Kifaransa linaitwa Au fil des jours. Humo mama mwenye nyumba ni Penelope Alvarez, nesi na mwanajeshi wa zamani, wa ukoo wa Kyuba huko Los Angeles, akiigizwa na Justina Machado. Sebuleni kuna pazia, na nyuma ya pazia anaishi bibi, Lydia, yaani Rita Moreno, anayelifungua pazia lake kila asubuhi kama malkia anayetoka mbele ya umati. Mama alikaa wima. Mwisho wa msimu wa kwanza mjukuu anafanyiwa sherehe ya kutimiza miaka 15, na baba, ambaye hakuyapokea aliyoambiwa na bintiye, anaondoka ukumbini wakati wa kucheza naye. Mtoto anabaki katikati ya watu, na gauni lake. Ndipo mama yake anaingia uwanjani, na wa nyumbani wengine wakamfuata, wakamzunguka wakicheza. Hapo sikutafsiri chochote, na mama hakuuliza anaikala kwa nani.

Aliyemkera katika matoleo yote mawili ni Schneider. Katika lile la zamani ni msimamizi wa jengo, masharubu, mkanda wa vifaa kiunoni na ufunguo wa milango yote. Anaingia bila kubisha. Wamarekani walicheka kila alipoingia, miaka tisa. Mama hakucheka hata mara moja. "Asipige hodi, sababu?"

Nikakumbuka mwaka tuliohamia kwenye nyumba yake. Ilikuwa ya matofali ya udongo, mabati yake yalinunuliwa mawili mawili, na mlango wa mbao za libuyu uligharimu msimu mzima wa mchele. Mjomba alikuja siku ya tatu. Alisukuma mlango akaingia, kama alivyokuwa akiingia chumbani kwetu miaka yote tuliyokaa kwake, akatafuta kiti. Mama alikuwa akipakua.

"Yaya," akamwambia kaka yake, "sijasikia hodi."

Mjomba akacheka. Mama hakucheka. Mwiko ulikuwa umesimama juu ya sufuria, na sisi watoto tuliacha kutafuna. Mjomba alitazama mabati, akatazama mlango, akainuka, akatoka nje. Tukasikia akikohoa uani.

"Hodi."

Mama akapakua sahani ya kwangu, akapakua ya dada, akafunika sufuria, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Hodi hapa!"

"Nani?" mama akauliza.